Kutembea Bila Mzigo Kichwani: Miezi Saba na Kikundi cha Akina Mama wa Mengo

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nami niliikamilisha kama dini yetu inavyotaka. Kilichonishinda ni siku iliyofuata. Ruhusa ya kutoka ilikuwepo na mlango ulikuwa wazi, lakini miguu haikutaka. Nilibaki sebuleni kwangu Kisenyi, pazia limeshushwa, redio ikisema kwa sauti ya chini, chai ikipoa mbele yangu. Usingizi ulikatika saa tisa za usiku na haukurudi tena. Chakula nilipika kwa ajili ya wajukuu tu, na mashoga zangu wa darsa walipopiga simu niliwaambia nina mafua. Hali hiyo iliendelea karibu mwaka mzima, mpaka binti yangu akaniandikisha, bila kuniuliza, katika kikundi cha kutembea cha wanawake waliovuka miaka 60 kinachokutana Mengo, hapa Kampala.

Huu ni mwezi wangu wa saba. Naandika tathmini hii kwa sababu wanawake kadhaa wa rika langu, na zaidi mabinti zao, wameniuliza kama ada inayotozwa inalingana na kinachopatikana, na jibu langu haliwezi kutosha katika ujumbe mfupi wa simu.

Huduma yenyewe ni hii. Tunakutana Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, karibu na lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza na magari hayajajaa barabarani. Anayetuongoza ni binti aliyesomea tiba ya viungo, ambaye sote tunamwita Mwalimu ingawa ana umri wa wajukuu zetu, naye anamwita kila mmoja wetu jjajja, yaani bibi kwa Kiganda, na kumsalimia kwa jina lake kabla ya jambo lolote. Kijana mwingine hutembea nyuma ya kundi akiwa na maji na mfuko wa huduma ya kwanza. Wenye shinikizo la damu hupimwa kabla ya kuondoka, na mara mbili nimeona mama akiombwa kwa upole abaki ameketi siku hiyo, jambo lililonifanya niwaamini. Tunaanza polepole kwa dakika chache, kisha tunashika barabara ya Kabaka Anjagala, ile iliyonyooka kutoka ikuluni hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, yenye urefu wa takriban kilomita 1.6, tunageuka na kurudi tulikotoka. Tukifika tunashika ukuta na kufanya mazoezi ya mizani na nguvu za miguu kwa dakika kumi: kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kwa vidole, kuketi na kusimama bila kujisaidia kwa mikono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima, wazee wakiwemo, wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na waliofika miaka 65 linawaongezea mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi, kwa kuwa kuanguka ni adui mkubwa wa umri wetu. Mara tatu kwa wiki, dakika 50 za kutembea kila mara, hesabu inatimia bila kubakiza.

Najua wapo watakaoshangaa kusikia kwamba mwanamke mzee wa Uganda analipa fedha ili atembee, kana kwamba hakutembea maisha yake yote. Hata takwimu zinawaunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, uliolinganisha nchi 168, uliiweka Uganda miongoni mwa nchi ambazo watu wake wanashughulisha miili yao kuliko wote duniani, kwani ni takriban 6 tu katika kila watu wazima 100 ambao hawakufikisha kiwango kinachotakiwa. Lakini shughuli hizo ni zipi? Ni jembe tangu alfajiri, ni dumu la maji la lita 20, ni kuni, ni mkungu wa matoke kichwani na mtoto mgongoni. Aliyetembea hivyo kwa miaka hamsini alitembea shingo imekaza, macho yanatafuta pa kukanyaga, akiwaza atakachokuta akifika. Kisha anazeeka, watoto wanamleta mjini, na kila kitu kinakoma kwa siku moja: maji yako bombani, sokoni anakwenda msichana wa kazi, lango linafungwa kwa ajili ya usalama, na yeye anaambiwa, kwa mapenzi kabisa, kwamba sasa apumzike. Nimewaona wanawake wengi katika kikundi chetu ambao ugonjwa wao ulianza na kupumzika huko. Wanachokuja kununua Mengo ni saa moja ya kutembea bila mzigo na bila kutumwa, na kwa wengi wao, mimi nikiwa mmojawao, ni mara ya kwanza tangu utotoni.

Njia imechaguliwa vizuri mno. Katikati ya barabara ile kuna mzunguko wa Nantawetwa, wenye malango katikati yake, ambayo hufunguliwa Kabaka anapopita kwa kuwa yeye hazungushwi. Sisi wengine sote, mwenye gari na mwenda kwa miguu, tunazunguka. Mama asiyeweza safari nzima kwa sababu ya magoti huishia pale, huketi, na kutusubiri tukirudi, na hakuna anayemwona mvivu. Kando ya barabara kuna alama za koo za Buganda, mnyama, samaki au mdudu ambaye kila ukoo umejinasibisha naye, na imekuwa desturi ya kikundi kwamba kila mama akifika kwenye alama yake husimama kidogo na kuigusa kabla ya kuendelea. Mwanzoni niliona ni kuchelewesha tu. Baadaye nikatambua kwamba mwanamke aliyekuwa akikokota miguu huharakisha akikaribia ukoo wake.

Mimi si Mganda, yaani si mtu wa koo za Buganda. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, nami nilikulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na ya uani, kwa hiyo katika barabara nzima hapakuwa na alama ya kwangu. Nilikuwa napita nikiangalia mbele. Asubuhi moja ya wiki ya tano, mama mmoja wa ukoo wa Nsenene, yaani panzi, mwanamke mwembamba anayetembea na fimbo asiyoihitaji, alinishika kiwiko akaniambia, "Hajati, mbona unatuacha? Simama hapa na sisi." Nikasimama. Alinieleza kwamba watu wa ukoo wake hawali nsenene, ni mwiko, na kwamba mwezi Novemba mji mzima unapokaanga yeye hupita akinusa tu. Tangu siku hiyo husimama pale naye, naye hunisubiri nikichelewa, na siwezi kueleza kwa namna nyingine yoyote kilichonitokea kifuani zaidi ya kusema kwamba nilirudi nyumbani nikafungua pazia.

Kuhusu mwendo, Mwalimu ana kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukitumia: kuongea uweze, kuimba usiweze. Ukiweza kuimba unatembea polepole mno, na sentensi ikikukatika katikati umepita kiasi. Wiki ya kwanza nilimweleza kwamba simu ya mwanangu inadai hatua 10,000 kwa siku na kwamba sitazifikisha kamwe. Alinifahamisha kwamba namba hiyo haikutoka hospitalini; ilitoka Japani mwaka 1965, ikiwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki za Tokyo za mwaka uliotangulia. Akanitajia utafiti wa mwaka 2019 uliowafuatilia wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, ambao ulionyesha kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 41 kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba faida iliendelea kuongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Safari yetu ya kwenda na kurudi, kwa hatua zangu fupi, ni zaidi ya hatua 5,000. Sikuwahi kuiangalia tena ile namba ya kwenye simu.

Sasa nije kwenye moyo, ambao ndio ulionipeleka. Wiki tatu za kwanza sikupata lolote isipokuwa maumivu ya mashavu ya miguu na hasira kwa binti yangu. Kilichobadilika kwanza ni usingizi. Wiki ya nne nilianza kuamshwa na adhana ya alfajiri badala ya kuingoja kwa saa mbili nikihesabu mabati, na nasadiki kwamba mwanga wa jua la asubuhi ulichangia, kwa kuwa ndio unaoupangia mwili saa zake za kulala na kuamka. Furaha ilichelewa zaidi, na haikuja kama nilivyoitarajia. Siku moja ya wiki ya tisa nilipitia sokoni nikanunua samaki mmoja, ngege, nikamkaanga na vitunguu na nyanya, nikamla mwenyewe mezani mchana huku wajukuu wako shuleni. Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nilipogundua kwamba tangu mazishi sikuwa nimempikia mtu aitwaye mimi.

Elimu inayozunguka jambo hili si ya kubahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwachukua watu 156 wenye miaka 50 na zaidi, wote wakiugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Baadhi walifanya mazoezi ya kutembea kwa haraka au kukimbia polepole mara tatu kwa wiki, baadhi walipewa dawa ya sertraline, na wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ya makundi yote ilikuwa inakaribiana, ingawa waliomeza dawa waliona nafuu mapema zaidi. Mwaka 2024 uchambuzi mpana katika jarida la BMJ, uliokusanya majaribio 218, ulitaja kutembea miongoni mwa mazoezi yanayosaidia zaidi dhidi ya sonona. Nayaandika haya kwa ajili ya waume na watoto wanaodhani mama zao wanakwenda Mengo kupiga soga. Tunapiga soga, ndiyo, na hiyo nayo ni sehemu ya tiba. Hapa hapa Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu waliokutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia yaliyowasibu walipona huzuni yao kuliko wale ambao hawakupewa vikundi. Watafiti hao walifanya busara ya kuwauliza wenyeji kwanza huzuni hiyo inaitwaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia nafsi yako, na okwekubagiza, kujihurumia. Niliposikia neno la kwanza kutoka kwa mwenzangu njiani, karibu na Bulange, nilitambua mara moja kwamba ndilo nililokuwa nikiliita mafua.

Kasoro zipo, nami nazisema kwa kuwa nakitakia kikundi hiki mema. Kubwa zaidi inahusu dodoso. Kila mwanachama mpya huulizwa maswali 15 ya ndiyo na hapana, yale yanayotumika katika nchi nyingi kupima sonona kwa wazee, na jambo lenyewe ni jema, kwa kuwa bila kupima mtu hajui alikotoka. Lakini mimi niliulizwa nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kipimo cha presha, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wanawake wanne nisiowajua: je, unapendelea kukaa nyumbani kuliko kutoka? Je, unaona maisha yako hayana kitu? Nilijibu hapana kwa yote mawili, nikadanganya, kwa sababu hakuna mwanamke wa heshima atakayejibu swali la namna hiyo hadharani. Nilimweleza Mwalimu wiki iliyofuata, tukiwa wawili, naye hakujitetea. Sasa maswali yanaulizwa pembeni, mtu akiwa ameketi, na yule aliyeulizwa anaona kilichoandikwa. Niliyarudia kwa ukweli, nikapata 9, idadi ambayo inahitaji kuangaliwa. Baada ya miezi mitatu nilipata 4.

Kasoro ya pili ni lugha. Ujumbe wa WhatsApp wa kikundi ulikuwa ukija kwa Kiingereza, lugha ambayo baadhi yetu hatuisomi kwa raha, na maelezo ya njiani ni ya Kiganda, ambacho wenzetu waliotoka Arua na Bombo hawakishiki vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na katika kundi letu ndicho kinachowaunganisha wanawake wa pande zote, kwa hiyo niliona si haki kukiacha kando. Nilijitolea kutafsiri lile dodoso, na kazi hiyo ilinifundisha mengi. Swali la maisha kuwa matupu, kwa mfano, nililiandika mara tatu, kwani nyumba tupu naifahamu na mtungi mtupu naufahamu, lakini mama mmoja wa Bombo niliyemjaribia aliniuliza maisha yanamwagwaje. Ndipo nikaandika "maisha hayana kitu ndani yake," na akajibu papo hapo. Ujumbe sasa unakuja kwa Kiswahili na Kiganda, isipokuwa matangazo ya ada, ambayo bado yanasahaulika.

Mahali pa kujisaidia hapapo njiani, na kwa wanawake wa umri wetu hilo si jambo dogo. Wengine hawanywi maji asubuhi ili wasisumbuke, na hivyo wanajipatia kizunguzungu. Kikundi kingeweza kufanya mapatano na duka au nyumba moja ya ibada iliyo karibu, nami nitaendelea kulidai. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, asubuhi nyingi hufutwa, lakini ada hairudishwi wala siku hazifidiwi. Bodaboda wanaokatiza Nantawetwa bila kupunguza mwendo ni hatari ambayo kijana mmoja aliye nyuma ya kundi hawezi kuizuia peke yake. Anahitajika wa pili, mwenye fulana inayong'aa, mbele.

Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwangu, ambaye watoto wananisaidia, inalipika. Lakini ruzuku ya serikali kwa wazee, ile ya SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, tena inaanzia miaka 80, kwa hiyo bibi anayeitegemea hiyo pekee hawezi kuingia hata akinyima tumbo lake. Wanawake kumi na wawili wa kikundi chetu tumekubaliana kila mmoja aongeze shilingi 5,000, na fedha hiyo imemwingiza mwanachama mmoja ambaye hakuwa na uwezo, ikabakiza na akiba kidogo. Ningependa wenye huduma waweke utaratibu huo wenyewe, wasituachie sisi kuuomba mkono kwa mkono.

Wa kujiunga ni yupi? Mwanamke aliyefiwa, aliyehamishiwa mjini, aliyestaafu, anayesema amechoka ilhali hajafanya kazi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aanze kwa daktari, na mwenye kisukari akague miguu yake kila arudipo, kwa kuwa lengelenge dogo huweza kumgharimu. Kama huzuni imezidi wiki mbili na mtu hali, halali, au anasema heri asingekuwepo, hapo kutembea peke yake hakutoshi na asiachwe kungoja Jumatatu. Mwalimu alimwona mwenzetu mmoja katika hali hiyo, akampigia binti yake simu siku ile ile, na mama yule alipelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, bila kelele na bila aibu. Alirudi kwetu baada ya wiki kadhaa, akiwa anatumia dawa, akatembea hadi Nantawetwa na kurudi.

Viatu viwe vya kufunga, visivyoteleza. Kandambili hazikubaliwi, na buibui refu lipandishwe kidogo kwa pini ili lisikanyagwe mlimani. Mimi huvaa raba za binti yangu alizoziacha, namba 39, juu ya soksi nene. Nimelipia miezi mitatu mingine. Mama wa Nsenene ameniambia fimbo yake ameiacha nyumbani tangu Jumamosi, ila viatu vyake vimepasuka kisigino, na ameniagiza Alhamisi nimletee hizo raba azijaribu.